Gemu Iliyochangiwa Ikifuta Ahadi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wachezaji huyarudia kila gemu iliyochangiwa na umma inapoondoa kitu ilichoahidi. Kesi tunayoirejea zaidi ni ya Elite: Dangerous, gemu ya vyombo vya anga kutoka studio ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza. Ina mambo yote kwa pamoja: ahadi ya maandishi, ahadi kufutwa gemu ikikaribia kutoka, na mvutano mkali kuhusu pesa. Kesi nyingine zinatajwa pale zinapofundisha jambo ambalo Elite haikulifikia.

## Mambo ya msingi

Kuchangia gemu Kickstarter ni kununua au ni kutoa msaada?

Si kununua, na si msaada pia. Mwezi Septemba 2012 Kickstarter wenyewe, jukwaa la mtandaoni la kuchangisha pesa za miradi, waliandika wazi kwamba wao si duka. Hata hivyo, haufanani na mchango wa harusi, ambao ukishautoa umetoa, pilau iwe tamu au imeungua. Masharti yaliyokuwepo mwaka 2012 yalimtaka mwenye mradi uliofanikiwa atimize zawadi zote alizoahidi, au amrudishie pesa mchangiaji ambaye zawadi yake imeshindikana. Masharti mapya ya Oktoba 2014 yakasema waziwazi kwamba kuna mkataba kati ya mwenye mradi na mchangiaji, na kwamba Kickstarter si sehemu ya mkataba huo.

Kwa hiyo anayekuambia "ulitoa sadaka, nyamaza" amekosea. Anayesema "nimenunua, nataka haki zote za mnunuzi" naye anadai zaidi ya alichokubali. Mchangiaji amebeba hatari kwamba gemu inaweza kushindikana. Hajakubali kuambiwa uongo, wala kuambiwa ukweli wakati hauna tena faida kwake.

Elite: Dangerous iliahidi nini hasa?

Kampeni ilianza Novemba 2012 na kufungwa mapema Januari 2013. Lengo lilikuwa pauni milioni 1.25, na zilipatikana zaidi ya pauni milioni 1.5 kutoka kwa wachangiaji zaidi ya 25,000. Aliyekuwa mbele ni David Braben, ambaye yeye na Ian Bell walitunga Elite ya kwanza mwaka 1984 walipokuwa wanafunzi wa Cambridge.

Mpango wa mwanzo ulikuwa galaksi moja inayoendeshwa na seva, yaani kompyuta kuu za studio, kila mchezaji akiishi humo. Kampeni ilipoendelea, watu waliuliza tena na tena kama wataweza kucheza peke yao bila kuunganishwa. Studio ikajibu kwenye ukurasa wa kampeni kwamba ndiyo: itawezekana kucheza peke yako bila kuungana na seva ya galaksi. Ikaonya kwamba anayecheza hivyo atakosa mabadiliko ya galaksi ya pamoja, na kwamba huenda asiweze kuhamisha maendeleo yake kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Zingatia hilo onyo, kwa sababu watetezi wa studio hulisahau. Wachangiaji waliambiwa mapema kwamba hali ya nje ya mtandao ingekuwa na upungufu, wakaukubali upungufu huo, wakatoa pesa.

Ilifutwa lini, na tangazo lilitolewaje?

Novemba 14, 2014. Gemu ilitoka Desemba 16, 2014. Kati ya tarehe hizo mbili kuna mwezi mmoja na siku mbili.

Halikuwa tangazo la peke yake. Lilikuwa ndani ya jarida la kawaida ambalo studio ilikuwa ikiwatumia wafuasi wake, katikati ya habari nyingine za kufurahia gemu kukaribia. Mtu aliyelisoma harakaharaka angeweza kupita bila kuona kwamba sababu yake ya kuchangia imeondolewa. Wapo waliopata habari kwa kuambiwa na wachezaji wenzao, na hilo liliwachoma zaidi ya uamuzi wenyewe.

Mbona hasira kubwa hivyo? Siku hizi nani hana intaneti?

Wengi hawana intaneti ya kutegemewa. Miongoni mwa waliolalamika walikuwepo watu wa vijijini ambako mtandao unakatika, mabaharia, wanajeshi walio mbali na kwao na watu wanaosafiri kikazi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili halihitaji maelezo: anayenunua bando la siku anajua tofauti ya gemu inayokuomba mtandao mara moja wakati wa kuipakua na ile inayouhitaji kila dakika unayocheza.

Kundi la pili lina intaneti nzuri kabisa, ila linafikiria miaka ijayo. Elite ya 1984 ilikuwa na galaksi nane zenye sayari 256 kila moja, ndani ya kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Ukiwasha mashine hiyo leo, inacheza. Waliochangia mwaka 2012 walikuwa kwa sehemu kubwa watu wazima waliokua na gemu hiyo, na walitaka mrithi wake awe kitu watakachoweza kukiwasha baada ya miaka thelathini bila kuomba ruhusa ya seva ya mtu. Kwao, hali ya nje ya mtandao ndiyo iliyoamua kama gemu ni yao au la. (Kuhusu seva kuzimwa, tazama swali la mwisho.)

## Sababu za studio

Je, sababu waliyoitoa ilikuwa ya kweli au kisingizio?

Kwa maoni yetu ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana inauma kwamba ilitolewa vibaya.

Tazama kazi inavyogawanywa. Galaksi ya Elite: Dangerous ina mifumo ya nyota takriban bilioni 400. Mifumo hiyo haikuhifadhiwa mmojammoja kwenye seva. Kompyuta ya mchezaji huipiga hesabu kwa kanuni zilezile kila anapofika. Ukikutana na wachezaji wengine, mashine zenu huwasiliana zenyewe kwa zenyewe kwa sehemu kubwa. Hadi hapo, mchezaji angesema: basi seva ya nini?

Seva inashika yale yanayobadilika. Bei ya dhahabu kwenye kituo fulani, nguvu za makundi yanayogombea mfumo, kazi zinazotolewa kwenye ubao wa kituo, kumbukumbu ya nani aligundua nyota gani kwanza, pamoja na akaunti yako, chombo chako na salio lako. Ukiuza tani mia za bidhaa, bei inashuka kwa kila mtu, hata kwa anayecheza peke yake. Hadithi nayo iliendeshwa na studio kutoka huko: ushindani wa kisiasa wa Powerplay ulikuja 2015, na viumbe wa Thargoid walirudi mwanzoni mwa 2017 kwa wachezaji wote kwa pamoja. Hivyo galaksi ya pamoja haikuwa hadithi ya kufunika uamuzi, waliijenga kweli.

Maelezo ya Braben yalikuwa kwamba wakati wa kampeni waliamini hali ya nje ya mtandao yenye kukubalika inawezekana, lakini gemu ilivyokua ndivyo ilivyozidi kuegemea seva, hata toleo lisilo na mtandao likawa tupu na lisilosonga kiasi cha kutostahili kutolewa.

Lakini wachangiaji walikubali toleo lenye upungufu. Kwa nini wasingepewa hilohilo?

Hili ndilo swali zito kuliko yote kwenye ukurasa huu, na studio haikulijibu ipasavyo. Ahadi ya 2012 haikuwa ya galaksi inayobadilika bila mtandao. Ilikuwa ya galaksi iliyotulia, na iliandikwa hivyo. Kusema mwaka 2014 kwamba galaksi iliyotulia haikubaliki ni studio kumchagulia mchangiaji jambo ambalo alishalichagua mwenyewe.

Upande wa kazi, si rahisi kama kubonyeza swichi. Kama soko, kazi na makundi yameandikwa kwenye seva, lazima uandike toleo dogo la mambo hayo linaloweza kukaa kwenye kompyuta ya nyumbani, ulijaribu, na ulitunze kila sasisho linapotoka. Ni karibu gemu ya pili. Studio ina haki ya kusema haina pesa wala watu wa kufanya gemu ya pili. Ila hiyo ni sababu ya gharama, na mtu mzima akielezwa gharama huelewa. Walipoelezwa kwamba wanachokitaka hakina ladha, walijisikia kudharauliwa.

Kwa nini wachezaji hawakuamini maelezo ya kiufundi tangu mwanzo?

Kwa sababu walikuwa wametoka kuyasikia kwingine na yakaanguka. SimCity, gemu ya kujenga mji ya kampuni za EA na Maxis, ilitoka Machi 2013 ikilazimisha mtandao muda wote, na wachezaji waliambiwa kwamba mahesabu ya mji yanahitaji seva. Seva zilizidiwa siku za mwanzo, watu wakalipa na wasicheze. Machi 2014, mwaka mmoja baadaye, sasisho likaleta hali ya kucheza bila mtandao. Miezi minane baada ya hapo Elite ikasema haiwezekani. Frontier hawakuhusika na SimCity kwa lolote, lakini walirithi shaka iliyoachwa.

Elite ina hali ya Solo. Si ndiyo hiyo hiyo kucheza peke yako?

Hapana. Ukichagua Solo hutakutana na mchezaji mwingine yeyote, lakini bado umeunganishwa na seva, soko ni lilelile la wote, na mtandao ukikatika gemu inakurudisha kwenye menyu hata kama ulikuwa unatua kituoni. Solo ni jibu kwa mtu asiyetaka kusumbuliwa na wengine. Kwa mtu asiye na intaneti si jibu. Mabishano mengi ya mwaka 2014 yalizunguka bure kwa sababu pande mbili zilitumia maneno "mchezaji mmoja" zikimaanisha vitu viwili tofauti.

## Pesa

Frontier walirudisha pesa?

Walianza na mstari mwembamba. Aliyelipia mapema toleo la mwisho kupitia duka lao na hajacheza aliruhusiwa kuomba pesa zake. Aliyekwisha kucheza matoleo ya majaribio, awe alichangia Kickstarter au alinunua nafasi hiyo dukani, aliambiwa hastahili. Baada ya malalamiko kupamba moto, studio ilisema itapitia maombi ya waliobaki mmojammoja.

Nilicheza toleo la majaribio. Je, nimepoteza haki ya kudai?

Studio nyingi zitakuambia ndiyo. Sisi tunaona hoja hiyo ni mbovu, na kesi ya Elite inaonyesha kwa nini.

Kushiriki majaribio ya mwanzo kabisa ya Elite kulihitaji mchango wa pauni 200. Majaribio yaliyofuata yalihitaji pauni 100. Toleo la kawaida la kidijitali lilikuwa chini ya hapo kwa mbali. Waliolipa viwango hivyo ndio walioiamini studio kuliko wote. Walicheza kitu kisichokamilika, wakaandika ripoti za hitilafu, wakasaidia gemu kuwa bora. Galaksi ya nje ya mtandao haikuwepo ya kujaribiwa, kwa hiyo walijaribu ya mtandaoni wakisubiri ile waliyoahidiwa. Halafu kazi hiyo hiyo ikageuzwa kuwa sababu ya kuwanyima pesa. Sharti hili lilimwadhibu mtu kwa uaminifu wake, na kama kuna kitu kimoja studio nyingine inapaswa kujifunza kutoka Elite, tungesema ni hiki.

Ukiwa katika hali hii, andika barua ukitenganisha mambo mawili: ulichokitumia, na ulichoahidiwa ambacho hakijawahi kuwepo. Barua isemayo "nimetumia gemu, lakini kipengele hiki ndicho kilichonifanya nichangie na hakijawahi kuwa sehemu ya majaribio" ni ngumu kuitupa kuliko barua ya matusi.

Kickstarter yenyewe inaweza kunirudishia?

Hapana. Pesa hukatwa tu kampeni ikifikia lengo, Kickstarter wanachukua asilimia 5 yao, na zilizobaki zinakwenda kwa mwenye mradi. Baada ya hapo hawarudishi wala hawaamui kesi. Chini ya masharti ya tangu 2014, mradi ukishindwa kutimiza ahadi, mwenyewe anatakiwa aeleze kilichotokea, aonyeshe pesa zilivyotumika, na arudishe zilizobaki au aeleze zitakavyotumika kumalizia kazi.

Kwa kampeni zilizofungwa kabla ya Oktoba 2014, kama ya Elite, soma jibu la kwanza hapo juu; masharti ya zamani yalikuwa makali zaidi kwa mwenye mradi.

Kuna mtu aliyewahi kuchukuliwa hatua za kisheria?

Wapo, lakini si kwa kipengele kimoja kufutwa. Nchini Marekani, jimbo la Washington lilishtaki mradi wa karata uliochukua pesa Kickstarter bila kutoa bidhaa, na mwaka 2015 mahakama ikaamuru malipo. Mwaka huohuo wa 2015, tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani, FTC, ilichukua hatua yake ya kwanza kuhusu uchangishaji wa aina hii: mtu alikusanya zaidi ya dola 122,000 kwa ajili ya gemu ya ubao, kisha akazitumia nyingi kwa mambo yake binafsi.

Kesi zote mbili zilihusu bidhaa ambayo wachangiaji hawakuletewa kama walivyoahidiwa. Gemu iliyotoka, inayochezeka, ila imekosa ahadi moja, ni jambo gumu zaidi kulipeleka mahakamani. Mchangiaji aliyeko Uingereza ana njia ya mahakama ya madai madogo, ambayo England na Wales hupokea madai yasiyozidi pauni 10,000, lakini kwa mchango wa pauni 30 wachache huona inafaa kusumbuka.

Niko Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam. Naweza kudai?

Unaweza kuomba kama mchangiaji mwingine yeyote. Studio haina sababu ya kukutenga kwa sababu ya ulipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012 na Tanzania ina Tume ya Ushindani chini ya sheria ya 2003, lakini kuilazimisha studio ya Cambridge au Tokyo kupitia vyombo hivyo ni safari ndefu. Nguvu yako halisi iko kwenye ombi lenye ushahidi na, ikishindikana, kwa aliyekutolea kadi.

Jambo la kuangalia kabla ya yote: pesa hurudishwa kwa njia ileile iliyolipia. Wengi wetu tulilipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu, na kadi hizo huisha muda au hufutwa. Waulize kwanza waliokutolea kadi pesa ikirudi kwenye namba ya zamani itafikia wapi, na uwaambie studio mapema kama kadi haipo tena. Kupinga malipo kupitia kadi nako kuna muda wake, kwa kawaida miezi michache, wakati gemu ya michango huchukua miaka. Kwa hiyo usiiwekee tumaini sana njia hiyo.

## Imani

Kuna studio iliyofuta ahadi na wachezaji wakabaki nayo?

Ipo. Larian, studio ya Ubelgiji, ilichangisha zaidi ya dola 900,000 mwaka 2013 kwa ajili ya Divinity: Original Sin. Miongoni mwa malengo ya ziada, yaani vitu vinavyoahidiwa endapo michango itapita lengo la kwanza, kulikuwa na mzunguko wa usiku na mchana, watu wa mjini wakiwa na ratiba zao: kufunga duka, kwenda kulala, kuamka. Kipengele hicho kilifutwa. Studio iliwaambia wachangiaji kabla gemu haijatoka Juni 2014, ikaeleza kwamba haingeweza kukifanya kwa kiwango kinachofaa, na ikaongeza wahusika wenza wapya, ambao walikuja baadaye bila malipo. Mwaka 2015 toleo lililoboreshwa la gemu nzima likatolewa bure kwa kila aliyekuwa nayo kwenye kompyuta.

Mwaka huohuo walirudi Kickstarter kwa sehemu ya pili na kupata zaidi ya dola milioni 2, kutoka kwa wachangiaji zaidi ya 42,000. Mtu aliyeona ahadi ikifutwa alikuwa na kila nafasi ya kubaki na pesa yake mfukoni. Maelfu waliitoa tena.

Basi kinachovunja imani ni kufuta, au namna ya kufuta?

Kwa sehemu kubwa ni namna, lakini tusijidanganye kwamba maneno mazuri yanaponya kila kitu. Uzito wa kilichofutwa nao unahesabiwa. Ratiba za wauza duka wa Larian zilikuwa pambo zuri. Hakuna aliyeshindwa kufungua gemu kwa kukosa usiku. Kwa baadhi ya wachangiaji wa Elite, kilichofutwa kilikuwa uwezo wenyewe wa kucheza. Barua ya unyenyekevu kiasi gani haitamsaidia mtu ambaye gemu haifunguki kwake. Huyo anahitaji pesa yake.

Ukiyaweka mambo hayo kwenye mizani, maswali ya kuiuliza studio ni matatu. Ulijua lini, na ulisema lini? Ulisema mahali ambapo kila mchangiaji angeona? Na aliyechangia kwa ajili ya kitu hicho hasa, umemfungulia mlango wa kutoka bila kumhoji? Frontier walijikwaa kwenye yote matatu, na bado walitoa gemu nzuri ambayo maelfu waliicheza kwa miaka. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja. Ubora wa gemu haukulifuta deni.

Imani iliyovunjika inaweza kurudi?

No Man's Sky, gemu nyingine ya anga, haikuchangiwa na umma, lakini hutajwa kila mara katika mjadala huu. Ilitoka Agosti 2016 ikiwa imekosa mambo mengi yaliyotarajiwa. Studio yake, Hello Games, ilipunguza maneno ikaongeza kazi: masasisho ya bure kuanzia Novemba 2016, na Julai 2018 wachezaji wakaweza kucheza pamoja kweli. Ilichukua takriban miaka miwili.

Elite yenyewe ilipata nafasi na ikaipoteza. Machi 2022 Frontier walitangaza kusimamisha maendeleo ya gemu kwenye mashine za Xbox na PlayStation, na nyongeza ya Odyssey, ambayo wachezaji hao walikuwa wakiisubiri, haikuwafikia. Waliokumbuka 2014 waliikumbusha siku hiyohiyo.

## Hali za pembeni

Kipengele hakikufutwa, gemu imehamishiwa duka jingine. Je, ni kuvunja ahadi?

Kama duka lilitajwa kwenye ahadi, ndiyo. Shenmue III ilichangiwa mwaka 2015 kwa zaidi ya dola milioni 6, na wachangiaji wa kompyuta walitarajia kuipata kwenye duka la mtandaoni la Steam. Juni 2019 ilitangazwa kuwa kwa kompyuta itatoka Epic Games Store peke yake. Baada ya kelele nyingi, wachangiaji walipewa nafasi ya kurudishiwa pesa. Phoenix Point, iliyochangiwa kupitia jukwaa la Fig, ilifanya uamuzi kama huo miezi michache kabla, Machi 2019, lakini ikatangaza marejesho mapema kwa wachangiaji. Hasira ilikuwepo kote kuwili. Kwa Phoenix Point ilikuwa na mahali pa kwenda.

Gemu imetoka, ila si kwa mashine niliyochangia.

Mighty No. 9 ilichangiwa mwaka 2013, ikapata zaidi ya dola milioni 3.8, na malengo ya ziada yakajumuisha matoleo ya Nintendo 3DS na PlayStation Vita. Gemu ilitoka Juni 2016 kwa mashine nyingine. Ya 3DS na Vita hayakutoka. Mchangiaji wa namna hii asikubali kupewa toleo la mashine asiyo nayo kama mbadala wa mwisho. Kwake hilo halina tofauti na gemu kutotoka kabisa, na hoja ya jibu la toleo la majaribio hapo juu haimgusi, kwa sababu hajatumia chochote.

Studio haijafuta. Inasema tu "bado".

Star Citizen, nayo gemu ya anga, ilichangishwa mwaka 2012 ikikadiria kutoka Novemba 2014. Zaidi ya miaka kumi baadaye inachezeka katika hali ya majaribio na bado inapokea pesa. Ucheleweshaji usio na mwisho unamnyima mchangiaji siku ya kudai, kwa sababu hakuna siku ambayo ahadi imetangazwa kufa.

Chunga pia masharti yanayobadilika njiani. Mwaka 2018 mchangiaji mmoja wa Star Citizen nchini Marekani alidai dola 4,500 zake mahakamani, na shauri likaelekezwa kwenye usuluhishi wa faragha kama masharti ya huduma yalivyosema. Kila unapobonyeza "nakubali" ili tu uingie kujaribu toleo jipya, huenda unabadilisha mkataba uliochangia. Hifadhi nakala ya masharti ya siku ya kwanza.

Ahadi ilikuwa kwenye majibu ya maswali, si kwenye maelezo makuu ya kampeni. Inahesabika?

Inahesabika. Ahadi ya Elite ya kucheza bila mtandao ilikuja hivyo hivyo, kama jibu, kampeni ikiwa katikati. Jibu linalotolewa wakati watu bado wanaamua kutoa au kutotoa pesa lina uzito kuliko maelezo ya siku ya kwanza, maana limetolewa kwa wenye shaka ili waache shaka. Piga picha ya skrini ikionyesha tarehe. Kurasa za kampeni hubaki, lakini maoni ya mitandao ya kijamii hufutwa.

Na seva zikizimwa siku moja?

Hapa ndipo hofu ya wachangiaji wa 2014 ilipo hadi leo. Mwezi uleule Elite ilipotoka, Ubisoft walitoa The Crew, gemu ya magari iliyohitaji mtandao muda wote, ingawa haikuchangiwa na umma. Machi 31, 2024 seva zake zilizimwa, na waliokuwa wameinunua hawakuweza kuicheza tena hata peke yao. Kutokana na hilo ikaanza kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja Julai 2025. Linataka studio inayozima seva iiache gemu katika hali ya kuchezeka.

Elite: Dangerous bado inaendelea, na seva zake zinafanya kazi. Kama wewe ni mchangiaji wa zamani, swali la kuiandikia studio sasa, ingali na watu na mapato, ni kama ipo tayari kutoa toleo la galaksi iliyotulia siku ya kufunga, lile lile lililoelezwa kwenye ukurasa wa kampeni mwaka 2012. Omba jibu la maandishi lenye tarehe.